Neno Hutangulia Mbegu

Na Katibu wa Jumuiya

Ndugu Wanachama,

Kurasa hizi mmezizoea kwa khabari za bei, za kuanika, za makonyo na za miche. Mara hii twaomba tuzungumze juu ya maneno, na hasa maneno wanayotumia watu wanaposimulia mambo ya jeni. Asidhani mtu kuwa tumeacha shamba tukahamia barazani. Kila mkulima wa karafuu ajua nguvu ya jina. Gunia likiitwa daraja la kwanza lina bei yake, na likiitwa daraja la tatu lina bei nyingine, na mwenye gunia hurudi nyumbani na fedha za jina lile.

Jambo hili twalileta sasa kwa sababu limekwisha fika kwenye mti wetu. Mnamo mwaka wa 2022 wataalamu wa kampuni ya sigara ya Philip Morris International, pamoja na wenzao, walitangaza katika jarida la sayansi kuwa wameusoma urithi wote wa mkarafuu. Walitaka kujua jinsi mti unavyotengeneza yujenoli, yaani yale mafuta yanayoipa karafuu harufu yake na ukali wake. Wala si ajabu kampuni ya sigara kupendezwa na elimu hiyo, maana karafuu nyingi za dunia huishia katika sigara za kreteki zinazovutwa Indonesia.

Basi ipo siku atakuja mgeni na mkoba wake, atuambie juu ya miche iliyochaguliwa kwa jeni zake, au iliyobadilishwa jeni zake. Siku hiyo neno litafika kabla ya mche, na asiyejua kulipima neno hataweza kuupima mche. Wenzetu wa Dar es Salaam, katika Temeke na Kinondoni ambako wengi wetu tuna ndugu, wamekwisha kuyaona mambo haya kabla yetu, kwa upande mmoja katika afya ya watoto na kwa upande mwingine katika mbegu za mahindi. Yafaa tujifunze kwao.

JENI NI KITU GANI

Kila chenye uhai, mtu au mkarafuu, kimejengwa kwa vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, viitwavyo seli. Ndani ya seli mna uzi mwembamba, na katika uzi huo mna maagizo ambayo mtoto huyapata kwa wazazi wake. Sehemu moja ya maagizo hayo ndiyo jeni.

Mwaona wenyewe kuwa hatukufika mbali tukawa tumekwisha kuazima maneno matatu: vijumba, uzi na maagizo. Kitu chenyewe si nyumba, wala si uzi wa cherehani, wala hakuna karani aliyekaa akaandika agizo. Lakini jambo lisiloonekana halielezeki ila kwa mfano wa linaloonekana. Hapana ubaya katika mfano. Ubaya huja pale msikilizaji anaposahau kuwa alipewa mfano, akadhani amepewa kitu chenyewe.

Na katika Kiswahili tunayo majina zaidi ya moja. Wengine husema jeni, neno la kigeni lisilo na harufu. Wengine husema chembe za urithi, na hapo msikilizaji hukumbuka mirathi. Wengine husema vinasaba, neno lililotoka katika nasaba, na nasaba kwetu si kitu kidogo: huulizwa mtu anapoposa, na hutazamwa mali inapogawanywa. Majina matatu ya kitu kimoja, na kila jina laingia moyoni kwa mlango wake.

MWANACHUONI WA BALAGHA

Yuko mwanachuoni wa Marekani, Profesa Celeste Condit wa Chuo Kikuu cha Georgia, aliyetumia miaka mingi kulichungua jambo hili. Elimu yake si ya maabara. Ni ile waliosoma vyuoni wanayoijua kwa jina la balagha, yaani namna maneno yanavyopangwa hata yakamfikia msikilizaji na kuigeuza rai yake. Mwaka wa 1999 alitoa kitabu kiitwacho The Meanings of the Gene. Humo alipitia magazeti na maandishi ya Marekani tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya 1990, akitazama wananchi waliambiwa nini juu ya urithi, na kwa mifano gani.

Mwanzoni mwa karne ile mfano uliotawala ulikuwa wa ufugaji. Watu walizungumzwa kama ng'ombe wa mfugaji: mbegu njema izalishwe, mbegu mbovu ikomeshwe. Mfano huo haukubaki magazetini. Mwaka wa 1907 jimbo la Indiana lilitunga sheria ya kuwafunga uzazi watu walioitwa wenye urithi mbaya. Mwaka wa 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali sheria ya namna hiyo ya jimbo la Virginia. Kwa sheria kama hizo watu zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi katika nchi ile, na wengi wao walikuwa maskini wasio na wa kuwatetea. Mtu akikuambia kuwa maneno hayavunji mfupa, mkumbushe hao.

Baadaye, umbo la ule uzi wa urithi lilipojulikana mwaka wa 1953, mifano ilibadilika. Jeni zikaitwa maandishi ya siri, kisha zikaitwa ramani ya nyumba. Wanazuoni wengi waliogopa kuwa neno ramani litawafanya watu waone kila kitu kimekwisha kuamuliwa: mwenye jeni ya ugonjwa ataugua tu, na mwenye jeni ya akili atafaulu tu. Profesa Condit hakutosheka na hofu hiyo. Aliwauliza watu wa kawaida wao wenyewe wasikiapo neno ramani huelewa nini. Wengi hawakuelewa kama walivyohofia wasomi. Walisema ramani ni mwanzo wa kazi, na nyumba hutegemea pia fundi, vifaa na mahali.

Khabari hiyo haitamshangaza mtu wa Mbagala au Chamazi. Huko, mtu huanza na chumba kimoja na sebule, akipata fedha huongeza chumba cha pili, mwaka mwingine hupachika mlango pale palipochorwa dirisha. Ramani ipo, lakini nyumba inayosimama ina historia yake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuwa jeni ni ramani, hatakata tamaa upesi.

Wako waliosema: basi tuache ramani, tuseme jeni ni kama maelezo ya mapishi, maana pilau moja hupikwa na watu wawili ikatoka pilau mbili. Profesa Condit na wenzake wakaupima mfano huo pia, na mwaka wa 2002 wakaandika kuwa kubadili neno peke yake hakutoshi. Mfano mmoja una maana nyingi ndani yake, na maneno yanayouzunguka ndiyo yanayoiamsha maana hii au ile. Sema ramani katika mazungumzo ya hukumu, na watu watasikia hukumu. Sema ramani katika mazungumzo ya ujenzi, na watu watasikia kazi.

Jambo la mwisho alilolisema, na sisi twaona ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba watu wa kawaida hawaamini moja kwa moja kuwa jeni huamua kila kitu, wala hawaamini kuwa haziamui lolote. Wameshika mambo yote mawili, na hulitoa hili au lile kwa kadiri ya haja ya wakati ule. Hili wazee wetu walilijua. Wametuachia methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka, na wametuachia nyingine isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakuna aliyewahi kuzipeleka methali hizo mbili kwa kadhi azihukumu. Kijana wa jirani akiiba twatoa ya kwanza, na wetu akiiba twatoa ya pili. Kwa hiyo anapokuja mtu kutusomea khabari za urithi, la kumtazama ni methali ipi anaiamsha ndani yetu, na kwa faida ya nani.

TEMEKE: TONE LA DAMU LA MTOTO MCHANGA

Sasa tuvuke bahari. Tangu Januari 2015 hadi Novemba 2016 watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa damu katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na katika hospitali ya Temeke. Kilichotafutwa ni ugonjwa wa selimundu, unaorithiwa kwa jeni. Watoto wapatao 30 walionekana kuwa na ugonjwa wenyewe. Zaidi ya 500, yaani karibu mmoja katika kila wanane, walikuwa wamerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, na hao si wagonjwa.

Jina selimundu ni miongoni mwa majina mazuri yaliyopata kutungwa. Kila mkulima ajua mundu. Akiambiwa kuwa seli za damu hupinda mfano wa mundu zikakwama katika mishipa midogo, maumivu ya mtoto huyaelewa mara moja. Taabu iko katika maneno yanayofuata baada ya jina.

Neno la kwanza ni amerithi. Daktari husema hivyo akikusudia kueleza ugonjwa ulikotoka. Mama husikia kuwa limeandikwa na hapana la kufanya. Lakini shabaha ya kumpima mtoto akiwa mchanga ni kwamba liko la kufanya: hupewa dawa ya penisilini kumkinga na maradhi ya kuambukiza, huchanjwa, wazazi hufundishwa dalili za hatari, na wapo wanaopewa dawa ya haidroksiyurea. Kuamini kadari hakukumzuia mtu kumfunga ngamia wake. Asemaye amerithi na akanyamaza hapo amesema nusu ya neno, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uhai wa mtoto.

Neno la pili ni jeni mbaya. Mwaka wa 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake wa Afrika ya Mashariki. Aliona kuwa jeni hii imezagaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, penye malaria nyingi, na ni haba nyanda za juu penye baridi. Akaeleza sababu yake: aliyeirithi kwa mzazi mmoja ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Basi jeni ile ile ni ngao kwa mtoto aliyeipata mara moja, na ni maradhi kwa aliyeipata mara mbili. Ukiita mbaya, umewatukana watu wa pwani nzima ambao babu zao waliokoka kwa hiyo. Profesa Condit naye alilichungua neno la Kiingereza linalotumika kwa mabadiliko ya jeni, akaona kuwa masikioni mwa watu wa kawaida limebeba ubaya ambao wataalamu hawaukusudii.

Neno la tatu ni hesabu. Wazazi wawili wenye jeni hiyo kila mmoja huambiwa kuwa hatari ni mmoja katika wanne. Wako wanaoelewa kuwa, wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ni kete mpya inayorushwa, na kete haikumbuki ilivyoanguka jana. Na tena, ugonjwa hauji ila kwa jeni ya baba na jeni ya mama pamoja. Mama anayetupiwa lawama peke yake, au akaambiwa kuwa ameleta mkosi katika ukoo, amedhulumiwa. Maneno matatu tu, ndugu wanachama, na katika hayo pana nyumba zinazovunjika na nyumba zinazosimama.

KINONDONI: MAHINDI YALIYOITWA WEMA

Kutoka Temeke twende Kinondoni. Kijitonyama ndiko yaliko makao ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mikocheni kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana sana kwa kazi ya minazi, na kwa kazi ya virusi vinavyoleta batobato na michirizi ya kahawia katika muhogo. Katika mitaa hiyo miwili ndimo yalimofanyika mazungumzo mengi ya Tanzania juu ya jeni za mimea.

Mwaka wa 2008 ulianza mpango wa mahindi yastahimiliyo ukame, ulioshirikisha nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, pamoja na kampuni ya mbegu ya Monsanto ya Marekani. Jina lake la Kiingereza lilifupishwa, na kifupi chake kikawa WEMA. Mzungu akilisikia husikia herufi nne. Mswahili husikia sifa njema, kabla hajauona muhindi wenyewe wala kuuonja. Jina hilo lilifunika mambo mawili yasiyofanana. Lilifunika mbegu chotara za kawaida, zilizopatikana kwa kuchavusha muhindi kwa muhindi kama ilivyofanywa miaka mingi. Na lilifunika mahindi yaliyotiwa jeni ya bakteria wa udongoni, ambayo ndiyo yaitwayo GMO. Mkulima aliyeambiwa tu kuwa hii ni mbegu ya WEMA hakuweza kujua ameambiwa lipi kati ya hayo.

Na hata neno chotara lina mzigo wake, maana kabla ya kuwa jina la mbegu lilikuwa jina la watu, nalo halikuwa jina la heshima kila mahali. Wako wakulima waliopanda tena mahindi ya chotara, wakaona mavuno yameanguka, wakasema hii ndiyo GMO. Sivyo. Ni tabia ya chotara yeyote kwamba watoto wake hawalingani naye, na jambo hilo halihusiani na maabara ya jeni.

Upande wa wapinzani nao haukuwa bila balagha. Ziliitwa mbegu za maabara, ziliitwa sumu, ziliitwa ukoloni mpya. Na neno la kawaida la magazetini, mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, lilifanya kazi ambayo labda hakuna aliyeikusudia. Tangu mwaka wa 2009, Tanzania ilipotunga sheria ya vinasaba vya binadamu, wasomaji wa magazeti wamelizoea neno hilo katika kesi za kutafuta baba wa mtoto. Mtu wa namna hiyo akisikia kuwa muhindi umebadilishwa vinasaba, husikia kuwa nasaba yake imechafuliwa. Hapo hoja ya ukame imekwisha kushindwa kabla haijatamkwa.

Oktoba 2016 mahindi hayo yalipandwa kwa majaribio ndani ya uzio huko Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasimamishwe na masalio yateketezwe. Angalieni sababu iliyotajwa: taasisi ya utafiti ilikuwa imeyatoa matokeo hadharani bila ya idhini. Ugomvi haukuwa juu ya muhindi kustawi au kutostawi. Ulikuwa juu ya nani ana haki ya kusema, na lini. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuufuta utafiti wa namna hiyo.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine, nao pia waliongozwa na maneno na picha. Novemba 2012 serikali yao ilipiga marufuku vyakula vya GMO, baada ya picha za panya wenye mauvimbe kutoka utafiti mmoja wa Ufaransa kuenea dunia nzima. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha utafiti ule likauondoa, lakini picha haikuondoka vichwani. Oktoba 2022 serikali mpya ikaiondoa marufuku. Mwezi uliofuata waziri wao wa biashara, Moses Kuria, akasema hadharani kwamba Mkenya amezungukwa na mambo mengi ya kumwua, hata kuongeza GMO katika orodha hiyo si kitu. Kesi zikaenda mahakamani. Twaona kuwa wapinzani wangetafuta mwaka mzima wasipate neno la kuwafaa kuliko lile alilowapa waziri mwenyewe.

Katika kelele zote hizo, kwa pande zote, ni mara chache kusikia maswali ambayo mkulima angeuliza: mbegu hii nitaiweka akiba? Itanigharimu nini mwaka wa tatu? Ikishindwa, nani atalipa?

HOFU SI UJINGA

Mtu wa Afrika ya Mashariki aliyeandika vizuri juu ya jambo hili ni Marehemu Profesa Calestous Juma wa Kenya, aliyefariki Desemba 2017. Kabla ya kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi mjini Mombasa katika miaka ya 1970, kisha akawa mwandishi wa gazeti. Katika kitabu chake cha mwaka 2016 alieleza jinsi watu walivyopinga vitu vipya katika zama mbalimbali. Alisimulia jinsi kahawa ilivyopigwa marufuku Makka mwaka wa 1511, na jinsi uchapaji wa Kurani kwa mashine ulivyokawia katika dola ya Waturuki. Kahawa ile leo hatuianzi shughuli bila ya hiyo.

Profesa Juma mwenyewe alielekea upande wa kuzikubali mbegu zilizobadilishwa jeni, na msomaji wake yampasa alijue hilo. Lakini hakuwaita wapinzani wajinga. Alisema kuwa watu hawachukii kitu kwa sababu ya upya wake. Hukichukia wanapoona kitawapotezea riziki, au mamlaka, au desturi yao, nao hawaoni watapata nini badala yake. Kwa hivyo mtaalamu anayewahubiria watu hesabu za usalama tu, wakati wao wanauliza habari za riziki, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

MKARAFUU WETU

Turudi nyumbani. Elimu ya jeni yaweza kutufaa sana. Mikarafuu yetu asili yake ni Visiwa vya Maluku. Mnamo mwaka wa 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kuletwa miche kutoka huko hadi Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ukafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Hivyo mamilioni ya miti yetu ni wazao wa miti michache. Ukoo mwembamba una hatari yake: ugonjwa ukiupata mti mmoja dhaifu kwake, huenda umewapata jamaa zake wote. Waliouona ugonjwa wa kufa ghafla hawana haja ya kuelezwa. Kusoma jeni kwaweza kutuonyesha miti iliyo tofauti na mingine, tukaitunza kabla haijakatwa kuni.

Lakini mkarafuu si muhindi. Ukikosea mbegu ya mahindi umepoteza mvua moja. Ukikosea mche wa mkarafuu utangoja miaka sita hadi minane kabla ya kulijua kosa lako, na shamba utakalomrithisha mwanao litakuwa na kosa hilo miaka hamsini. Ndiyo maana twapendekeza kila tawi liwe na maswali haya tayari, kwa mgeni yeyote atakayekuja, awe anasifu au anatisha.

Kwanza, mnasoma au mnabadili? Kuzisoma jeni za mti ili kuchagua mama mwema ni jambo moja, na kuutia mti jeni ya kiumbe kingine ni jambo jingine. Asiyetaka kuyatenga mambo hayo mawili kwa maneno ya wazi asisikilizwe mpaka ayatenge.

Pili, mfano wako unakomea wapi? Akisema ramani, au dawa, au sumu, au chanjo, aeleze pia ni katika jambo gani kitu chake hakifanani na hicho.

Tatu, ni ngapi katika ngapi? Asiseme mavuno mengi, wala hatari kubwa. Ataje idadi ya miti, mahali ilipopandwa, na miaka iliyotazamwa.

Nne, mche ni wa nani? Desturi yetu ni kuotesha kutokana na mbegu za mti mzuri, wetu au wa jirani. Twataka kujua kama mche huo mpya utaturuhusu kufanya hivyo bila ya kuomba idhini ya mtu.

Tano, nani amekulipia nauli? Swali hili aulizwe anayeuza na aulizwe anayepinga, kwa adabu ile ile.

Halmashauri imekubali kuwa maswali haya yasomwe katika mikutano ya matawi kabla ya msimu. Twaomba pia kila tawi lituandikie maneno ambayo wazee wa huko huyatumia wanapoeleza kwa nini mti huu huzaa na ndugu yake hauzai, ingawa mama yao ni mmoja na ardhi ni moja. Maneno hayo yako, na wakwezi wanayo. Afadhali tuyaandike wenyewe katika daftari letu, mgeni akija ayakute, kuliko kungoja atuletee ya kwake.

Wassalaam,

Katibu